Maneno ya Mama Mkwe

Baba mkwe wangu alipotimiza mwaka tangu afariki, familia ya mke wangu iliniomba nimtengenezee ukurasa wa ukumbusho kwenye intaneti. Kazi ya tovuti nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, nikakubali kwa majivuno. Nilikwenda Naviundu kumsikiliza mama mkwe. Akanieleza juu ya mumewe, fundi wa reli, akifuta macho kwa pindo la kitenge: "Alikuwa anarudia nyumbani na harufu ya mafuta ya treni. Hata leo nikisikia ile harufu, naweka sahani ya mbili, yake."

Maneno hayo niliyafunga ndani ya blockquote, alama ya HTML inayotenga nukuu. Jina la mama mkwe nikaliandika kwenye kisehemu cha alama hiyo kiitwacho cite, nikiamini wasomaji wataliona. Kumbe kisehemu hicho ni cha anwani ya chanzo, tena kivinjari hakikionyeshi. Jina pekee lililoonekana lilikuwa langu, la mtengenezaji, chini kabisa.

Baada ya misa ya ukumbusho tulikusanyika mtaa wa Bel-Air, tukala bukari, ugali wa kwetu. Shemeji yangu akashika simu, akasoma nukuu ile kwa sauti.

"Beau-frère, shemeji yetu, umeandika muzuri sana! Ile ya sahani ya mbili, umeitoa wapi?"

Watu wakapiga makofi. Mama mkwe aliacha kula.

"Ile ni maneno yangu," alisema polepole. "Nilimuambia mukwe nikilia."

Makofi yakakatika.

"Mama, jina yenu iko," nikasema. "Iko ndani. Haionekane tu."

"Ndani ya wapi, mukwe?"

Nikaanza kueleza habari za alama na vivinjari, mbele ya mjane mwenye tonge mkononi. Mke wangu aliinamisha uso. Nikatoka kwenda uani, na kwa simu nikaongeza mstari chini ya nukuu: Maneno ya mke wake. Nilirudi nikamwonyesha. Alitazama, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula bila kunitazama.

Lakini watu walikwisha kupiga picha ule ukurasa kabla sijausahihisha na kuzisambaza. Juzi binamu wa mke wangu alinipigia kutoka Pweto kunisifu kwa yale maneno ya sahani.

"Si yangu, ni ya mama," nikamwambia.

Akacheka. "Usijishushe, shemeji!"

Mke wangu alikuwa kando yangu, akisikia yote.