Hodhi Juu ya Wachimbaji

Katikati ya miaka ya tisini mimi na mume wangu tulihamia Macalder, katika nyumba iliyokuwa ya meneja wa mgodi, na nikaamua kwamba bafu lake lazima liwe na haiba. Mume wangu aliamua kwamba lazima liwe na mlango.

Yeye alikuwa akifundisha sekondari. Mimi nilikuwa nikiandika makala za magazeti ambayo hapo Macalder yalifika yakiwa yamefungia samaki. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa Homa Bay, alituruhusu tukae bure mradi tuikarabati bila kuiharibu sura yake ya kale. Wazungu wa mgodi walikuwa wameijenga kwa mawe, na bati lake lilikuwa limeota kutu hadi likafanana na udongo. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa zamani. Waliobaki ni wachimbaji wadogo wadogo, watu wa nyundo na tindo, waliofuata mwamba wenye dhahabu popote ulipoelekea.

Bafuni tulikuta hodhi la chuma lenye miguu kama ya simba. Fundi alilizunguka.

"Hii ni ya kunyweshea ng'ombe, madam. Tuitoe."

"Haitoki."

Mume wangu alitaka vigae vya waridi, kama alivyoviona kwenye gesti moja huko Homa Bay. Nikamwambia akiweka vigae vya waridi nitaishi gesti. Tukamwaga sakafu ya saruji nyekundu, tukaipiga nta mpaka ikawa hatari kwa wenye haraka. Kabati la maabara ya mgodi, lenye picha ya fuvu mlangoni, nililifanya la taulo. Fuvu nililiacha. Niliona linapendeza.

Bomba la maji machafu fundi aliliunganisha na bomba kuukuu alilolikuta chini ya sakafu, kwa kuwa Macalder hakuna anayechimba mtaro mpya palipo na wa zamani. Punda akaleta mitungi kutoka mtoni, nikajaza hodhi, nikaoga kama mke wa meneja. Kisha nikavuta kizibo. Maji yakaguna, yakashuka, yakaendelea kushuka kwa muda mrefu kuliko bomba lolote nililowahi kulisikia.

Fundi alikuwa nje, amesimama kando ya shimo la maji machafu.

"Bado haijafika!" akapaza sauti.

"Subiri!"

"Nasubiri! Imeenda wapi, yawa, jamani?"

Jibu lilikuja kesho yake alasiri, kwa miguu. Alikuwa mzee wa kikosi cha wachimbaji, matope mpaka kwenye nyusi. Alivua kofia.

"Madam, habari ya kuoga?"

Nikasema nzuri.

"Jana mmetumwagia maji."

Akatueleza kwa upole. Wakiwa wanafuata dhahabu, kikosi hakigusi sabuni mpaka wauze, kwa sababu sabuni huifukuza. "Sasa mmetuogesha sisi wote. Hata wenye walikuwa wamekataa."

"Lakini mko wapi?" mume wangu akauliza.

Mzee akapigapiga kisigino kwenye sakafu yetu nyekundu. "Hapa."

Hodhi lile likijaa lilikuwa zito kuliko fahali. Chini ya miguu yake palikuwa na saruji, chini ya saruji udongo kiasi nisichokijua, na chini ya udongo watu wenye wake na watoto. Nilimsihi aache kuchimba hapo. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa aache kula.

"Juu ni kwenu, madam. Chini ni kwa kila mtu."

Tukakubaliana tu kwamba nitagonga bomba kabla ya kuvuta kizibo. Lakini siku chache baadaye mambo yaligeuka: mahali maji yetu yalipoosha mwamba, waliona dhahabu. Sabuni ikaacha kuwa mkosi, ikawa baraka. Na mlio wa nyundo zao ukasogea karibu zaidi. Ukikaa ndani ya hodhi uliusikia kwa makalio kabla ya kuusikia kwa masikio. Kisha asubuhi moja nikaona ufa mwembamba kwenye nta, kutoka mguu mmoja wa simba hadi mlangoni.

Niliacha kuoga humo. Nilifikiri maji yakikatika wataondoka. Badala yake nilifungua mlango wa nyuma nikakuta mitungi imepangwa, imejaa, na juu ya mmoja kipande cha sabuni.

"Madam, usitutupe," mzee akasema. "Oga tu."

Ndipo nikamwambia fundi alikate lile bomba ukutani, alielekeze nje kwenye migomba. Kila siku nikawa naoga kwa beseni na kuyamwaga maji huko, na sabuni sikuionea huruma. Wakayafuata. Mlio ukahama kidogo kidogo, ukatoka chini ya ukuta, ukaingia chini ya migomba. Digrii yangu ya falsafa haikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, na nilijisifu wiki nzima.

Mvua zikaanza. Alasiri moja tulisikia mlio kama wa mtu mnene anayekaa kitini, basi. Tulipofungua mlango wa bafu hapakuwa na hodhi wala sakafu, ila shimo na vumbi lililokuwa likipanda. Tulikimbia kwenye migomba tukipiga kelele. Mzee akatoka kwenye shimo lao, akawaita watu wake, akawagusa vichwa mmoja mmoja kadiri walivyotoka.

"Tuko wote," akasema. Nikakaa kwenye matope nikalia.

Nilipoinua macho, alikuwa ameshaingia nyumbani kwetu. Tulimkuta amelala kifudifudi mlangoni pa bafu, tochi mkononi, akichungulia chini.

"Hodhi limepasua mwamba," akasema. "Yawa, ona vile inang'aa."

"Hakuna mtu ataingia hapo."

"Madam, si nimekuambia chini ni kwa nani?"

"Ukingo bado unabomoka, jaduong', mzee wangu! Sikia!"

Alisikia. Watu wake wakaleta kamba, wakaifunga kwenye nguzo ya veranda, wakaipitisha sebuleni kwetu juu ya mkeka. Mume wangu alijisimamisha mlangoni. Walimsogeza kando kwa heshima, wakimwita mwalimu. Mzee akajifunga kiunoni, akanigeukia.

"Kama unaogopa, shika hapa."

Nilishika. Mume wangu akaja nyuma yangu, akashika pia. Kamba ikakaza viganjani mwetu, ikaanza kuteremka, na vipande vya saruji nyekundu vikawa vinadondoka shimoni, kumfuata.