Vidole Vinne vya Maji

Wewe unayesema mashine za bitcoin zinakunywa mto, umewahi kusimama nyuma ya turbini ukayatazama maji yanavyotoka?

Obedi Ntandu alisimama hapo kila siku kwa miaka minne. Aliyaona yakiingia bombani kutoka banio la juu, ukuta mdogo unaoukinga mto, yakishuka kwa kishindo, yakizungusha gurudumu la chuma, kisha yakitoka chini yakiwa yale yale, na povu lake na majani yake, yakirudi mtoni. Kama kuna tone lililopotea, ni lile lililomrukia kifuani. Lakini watu wa kijiji cha Daa hawakumuuliza mtu wa turbini. Waliuliza simu.

Obedi alikuwa Mnyaturu wa Singida. Alifika Karatu kijana, akachuma kahawa ya watu miaka kumi na mmoja, akilala kambini chumba kimoja na wanaume saba, kila mmoja na sufuria yake na dua yake. Hapo ndipo alipompata Selina, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa akipalilia mistari ya jirani, akamzalia binti, Neema. Mhandisi Janeth alipojenga mtambo mdogo wa umeme wa maji pale Daa, alimwajiri Obedi kuwa mlinzi tu. Siku ya tatu alimkuta amejitosa hadi kiunoni, anaondoa matope kwenye chujio la banio bila kutumwa na mtu. Akamfundisha mtambo wote.

Kwa kazi hiyo Obedi alijenga nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya kuchoma, ya kwanza maishani mwake yenye mlango unaofungwa kwa ndani. Selina aliizunguka mara mbili siku waliyohamia, akasema, "Mimi hapa sihami tena, hata kwa jeneza. Mtanizika hapa." Nyumba hiyo ndiyo mali yao yote duniani, nayo ndiyo Obedi aliyokuja kuiweka rehani kwa mdomo wake mwenyewe.

Ubaya ulianza na maji ya moto.

Mto haujui saa. Unaisukuma turbini mchana, watu wakiwa shambani na taa zimezimwa, kwa nguvu ile ile ya saa mbili usiku. Na umeme haufungwi kwenye gunia ukasubiri mnunuzi. Usipopata pa kwenda, mtambo unakwenda mbio mpaka ujivunje. Kwa hiyo Janeth alikuwa ametumbukiza koili kwenye pipa la maji nje ya kibanda, umeme wa ziada ukawa unamwagwa humo, na pipa likachemka kutwa nzima kwa faida ya hewa. Wanawake walikuja na ndoo. Walinyonyolea kuku pale, waliogeshea watoto pale, wakamwita Obedi shemeji.

Kisha Janeth akaleta mashine kumi na mbili, kila moja ukubwa wa boksi la viatu, akazipanga kwenye rafu ndani ya kibanda. Hizo ndizo za kuchimba bitcoin. Hazichimbi ardhi. Zinakisia namba, zikishindana na nyingine duniani kote, kulinda daftari la fedha ambalo halishikwi na benki yoyote. Anayepatia analipwa. Zinakula umeme? Zinakula, tena kwa ulafi, na anayekataa hilo ni mwongo kama wale wengine. La kuuliza ni umeme upi. Pale Daa zilikula ule uliokuwa ukichemsha pipa. Jioni kijiji kilipowasha taa, Obedi alizizima mbili, nne, sita, kadiri ilivyotakiwa, wala hazikununa. Na kilichopatikana kilimwezesha Janeth kupunguza bei ya umeme, hata mashine ya kusaga ya kijiji ikaachana na dizeli.

Lakini pipa lilipoa. Mwaka huo huo mvua za vuli zikakosa kunyesha, na mfereji wa kijiji, unaochukua maji chini ya turbini, ukakonda. Watu wakaanza kuunganisha hili na lile.

Aliyewafungia fundo ni Inosenti, kijana aliyekuwa akiosha magari ya watalii mjini Karatu kabla ya kurudi nyumbani kulima. Mama yake, Domitila, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Siku moja Inosenti alifika kwenye mashine ya kusaga akiwa na sauti ya mtu asiyejulikana kwenye simu yake, akawafungulia watu waliokuwa kwenye foleni.

"Oyaa, mzee wa bitcoin, sikiliza mwenyewe! Mashine moja inakunywa maji ndoo mia kwa siku!"

"Zangu zinapozwa kwa feni, Inosenti," Obedi alisema, akitua debe lake la mahindi. "Njoo uone. Kibanda hakina hata bomba la kunawia mikono."

"Feni! Na hiyo feni inakunywa nini, chai?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akadakia, "Na moto wa pipa letu ulikwenda wapi, shemeji? Ulipanda basi la Arusha?"

"Umeme uliokuwa unachemsha pipa ndio unaoendesha mashine," Obedi alijibu kwa uaminifu.

"Haya, amekiri! Mmeula moto, mtashindwa kunywa maji?"

Walicheka mpaka unga ukapeperuka. Uongo hauhitaji kwenda shule, unahitaji bando tu. Ukweli ulikuwa umesimama pale pale na debe la mahindi, na kosa lake lilikuwa kutokea Singida.

Domitila alimwita Obedi siku iliyofuata, mbele ya kamati. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kunyamaza ili waisikie.

"Baba Neema, mwizi wa maji hapa tunayo dawa yake ya tangu mababu. Unaijua?"

Obedi aliijua. Mwizi wa maji hutengwa. Haombwi moto wala hapewi moto. Ng'ombe wake hawachanganywi na wa wengine, mkewe hachoti pamoja na wenzake, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. Mzaliwa hutengwa mpaka atoe dume na pombe ya asali. Mtu wa kuja hufungasha akaondoka.

"Mwenyekiti, mimi si mwizi," alisema. "Pimeni. Mnayo fimbo ya mfereji. Pimeni mashine zikiwa zinafanya kazi, nizizime mbele yenu, mpime tena. Maji yakiongezeka, nitaondoka mwenyewe bila kusukumwa."

Domitila alimnyooshea kidole. "Umesema wewe."

Ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Tangazo likapita kwa mbiu kijiji kizima, wa juu ya banio na wa chini yake: kila kaya ije kushuhudia, na asiyefika atatoa kondoo wa faini.

Jioni ya Ijumaa Janeth alipiga simu kutoka Dar es Salaam. "Baba Neema, nisubiri. Nitarudi Jumatano."

"Mhandisi, maji hayasemi uongo."

"Maji hayasemi kitu. Wanaosema ni watu."

Lakini Obedi alikuwa ameyatazama maji miaka minne, akayaamini kuliko alivyomwamini yeyote mwenye mdomo. Hakusubiri.

Jumamosi ukungu wa Ngorongoro ulikuwa haujainuka kwenye msitu, na watu walikuwa wamejaa kingo zote mbili za mfereji. Wa juu ndio waliofika wa mwisho, wakihema, miguu ina matope mabichi, kila mmoja akiogopa kondoo wake. Mzee Xavery, mpimaji wa kamati, alitumbukiza fimbo yenye alama za kisu. Maji yakafika alama ya tatu. Domitila akaihakiki kwa kidole. Watu wakaona.

Obedi aliingia kibandani mlango ukiwa wazi, akashusha swichi moja baada ya nyingine. Feni zikalegea, zikanyamaza. Turbini iliendelea kuunguruma vile vile. Pipa likaanza kufuka mvuke, na mtoto mmoja akapiga makofi.

Wakasubiri saa nzima. Obedi alikaa juu ya jiwe akiwa na Selina, mikono imetulia magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kupokea cheti.

Mzee Xavery alitumbukiza fimbo tena. Akaitoa, akaitazama, akaifuta kwa shati, akaitumbukiza mara ya pili. Kisha akaweka mkono wake juu ya alama ya tatu.

"Vimeongezeka vidole vinne," alisema.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Obedi alisukuma watu, akaishika fimbo, akaiona mwenyewe imelowa. Macho yake yalikwenda kwenye maji, yakaenda kwenye kibanda, yakarudi kwenye maji. Akajitenga hatua chache, akampigia Janeth huku kidole kimoja kimeziba sikio.

"Yamepanda, mhandisi. Yamepanda."

"Juu ya banio asubuhi hii yuko nani?"

"Hakuna mtu. Wote wako hapa. Wameitwa kwa faini."

"Wote?"

"Wote."

"Na pampu zao, wameziacha zinavuta?"

Kamati ilikuwa imepiga marufuku pampu juu ya banio tangu mwaka juzi, na Obedi, mtu wa kutii amri, alikuwa ameamini kwamba wengine nao wanatii. Akageuka kuwatazama wale waliofika wa mwisho. Akatazama miguu yao. Sasa akaelewa: waliokuwa wakiyanywa maji ndio walioitwa kuja kuyapima. Walizima pampu, wakashuka kilimani, na maji yaliyoachwa huru yakashuka nyuma yao taratibu, yakafika mferejini saa ile ile aliyotaka kutakasika.

"Pampu!" alipiga kelele. "Mmezima pampu mje hapa! Ndiyo yaliyopanda!"

Kisha wale wenye matope miguuni wakawa wa kwanza kupiga makelele, na ndio waliopiga makubwa zaidi.

"Ya nani? Mtaje!"

"Mtaje hata mmoja, Mnyaturu wewe!"

Hakuwa na jina la kutaja. Domitila alisogea mpaka karibu yake. "Pampu zimekatazwa, na mwenye kukagua ni mimi. Unasema mimi ni kipofu, au unasema mimi ni mwizi? Chagua moja."

"Mwenyekiti, twende juu sasa hivi, tukaone."

"Ulituahidi kipimo. Kipimo umekiona. Kesho adhuhuri isikukute hapa."

Inosenti alikuwa ameshaingia kibandani, ametoka na mashine mkononi, nyaya zinaning'inia kama utumbo. "Kumbe zina kiu! Jamani, si zina kiu hizi? Zinywesheni!"

Haikutosha kuzitupa. Walitaka azitupe yeye. Walimsukuma mpaka kwenye dimbwi la chini ya turbini, wakampa ya kwanza, na alipoikumbatia bila kuiachia, mtu akampiga kofi la kisogoni, si kwa nguvu, kama anavyopigwa mtoto anayechelewesha wenzake. Akaiachia. "Moja!" wakahesabu. Akaletewa nyingine. "Mbili! Mnyweshe, ana kiu huyo! Tatu!" Mashine ya saba ilimkata kidole, damu ikafuata maji, na mwanamke yule wa mashine ya kusaga akasema, "Angalia, hiyo imetapika." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ya kumi na mbili Selina aliichukua mwenyewe kutoka kwa Inosenti, akaibeba kifuani, akaitumbukiza, akamshika mumewe mkono, wakapita katikati ya watu. Hakuna aliyewagusa. Walikwisha kuwa watu wa kutoguswa.

Alasiri Janeth alipiga tena. Alikuwa akilia kwa hasira. "Funga mtambo, Baba Neema. Funga lango la bomba, chukua familia yako uondoke. Mashine zitanunuliwa nyingine. Mtu hanunuliwi." Obedi akafunga, na maji yasiyoingia tena bombani yakapita juu ya ukuta wa banio yakiendelea na mto. Jua lilipozama taa za Daa hazikuwaka, na mpaka watu wanakwenda kulala walikuwa wakilipigia yowe paa lake kwamba mchawi amewaibia umeme wao.

Kesho yake kulipopambazuka, Selina akiwa anafunga godoro kwa kamba, Obedi alipanda mpaka kwenye banio kutia kufuli ya mwisho. Turbini ilikuwa imelala. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alisikia upande ule wa mto bila ngurumo yake, na alichosikia ni pampu. Moja karibu, mbili nyuma ya migomba, nyingine nyingi kwa mbali, zinakoroma pamoja. Chini, mfereji wa kijiji ulikuwa tope tupu.

Domitila alikuwa amesimama kwenye tope hilo na jembe begani. Hakumwona Obedi nyuma ya ukuta wa banio. Aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaanza kupanda kilima, akiifuata sauti ya ile pampu ya karibu. Obedi alishika ukuta. Moyo wake ulimwambia: sasa ataona, sasa atarudi kuwaambia.

Domitila alipofika, Inosenti alitoka kwenye maharage akiwa na kidumu cha petroli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umeiweka hapa? Inaonekana kutoka njiani."

Akatua jembe. Mama na mwana wakainyanyua pampu ikiwa inanguruma, mmoja huku na mmoja huku, wakaisogeza nyuma ya kichaka, na Domitila akakata matawi akaisitiri, akarudi nyuma hatua tatu kuangalia kama bado inaonekana, akaongeza tawi moja. Kisha akashuka mpaka njiani, akajifunga khanga kiunoni, akapiga ukunga wa kuita watu waje waone mfereji ulivyokauka, akanyoosha mkono kuelekea nyumbani kwa Obedi.