Nepi za Mtoto Aliyekwisha Jua Choo

Juzi, katika duka moja la hapa kwetu Kakamega, mbele yangu alisimama nyanya mmoja na mjukuu wake. Aliitisha nepi. Mtoto akamvuta leso: "Kukhu, nataka choo." Wakaenda nyuma ya duka, wakarudi, kaptura kavu kabisa.

"Huyu si anaendanga choo vizuri?" mwenye duka akauliza.

Nyanya alitazama mlangoni kwanza. "Kitambo. Lakini mama yake alisema akiacha nepi, atakuja ampeleke Nairobi. Na nyumbani tuko wawili tu."

Mwenye duka akashusha pakiti polepole. "Saizi ile ile?"

"Nipe kubwa. Anakua haraka sana."

Msomaji, ukikutana na mama huyo huko Nairobi, mwambie mtoto bado anajikojolea.