Mkeka wa Dada Msusi

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Najua kwa sababu niliitazama saa ya ukutani kabla ya kutoka, nikajiambia: leo nikidumu mpaka saa kumi na moja, nitakuwa nimevunja rekodi yangu. Rekodi ya kukaa mkekani.

Nyumba tunayopanga hapa Mbagala ina vyumba sita na uwa mmoja. Mama anafanya kazi kiwandani Chang'ombe, na Jumamosi anaingia zamu ya mchana, anarudi giza limeshaingia. Sina ndugu. Shuleni nina mtu wa kukaa naye dawati moja, lakini nikimwita rafiki nitakuwa nalidanganya daftari langu mwenyewe. Jumamosi ilikuwaga siku ndefu kuliko zote, mpaka pale binti wa mwenye nyumba, anayesoma chuo na kukaa hosteli Mabibo, alipotuletea poka.

Poka ya uwani kwetu haina hela. Tunacheza kwa vizibo vya soda, thelathini kila mtu. Unapewa karata mbili, unazificha. Nyingine tano zinafunuliwa katikati kidogo kidogo, na kila zikifunuliwa watu wanaweka vizibo. Ukiona karata zako mbovu unalala, yaani unazitupa na kusubiri mkono mwingine, karata zikigawiwa upya. Ukitaka kubaki unafuata, unaweka vizibo sawa na mwenzako. Ukitaka kuwatisha wenzako unapandisha, unaongeza vizibo. Ukiishiwa vizibo unainuka, unabeba vikombe vya chai ukavioshe bombani, na siku hiyo hurudi tena. Sheria hiyo tumeitunga wenyewe, na ndiyo iliyokuwa inanimaliza mie. Kila Jumamosi wa kwanza kuosha vikombe ni mie. Halafu nakaa kitandani na kitabu cha baiolojia, ukurasa uleule, nasikia vicheko vyao dirishani.

Aliyekuwa ananiinua ni dada msusi wa chumba cha mbele. Mkeka ni wake, kopo la vizibo linakaa chini ya kitanda chake, na mdomo ndiyo usiseme. Anapandisha kila mkono. Ana karata, anapandisha. Hana, anapandisha vilevile. Nikigusa kizibo tu ananirukia.

"We mtoto, unafuata au nikuletee shuka?"

"Nalala," nasema.

"Jamani huyu analala kuliko paka wa msikitini!"

Wote wanacheka. Na mie nacheka, kwa sababu usipocheka unaonekana umeumia.

Wiki tatu nilikaa namchunguza badala ya kuogopa. Nyuma ya daftari la hesabu nikaandika ninayoyaona. La kwanza, anayepandisha kila mara hawezi kuwa na karata kila mara. La pili, akiwa anadanganya anaongea sana, tena anapeleka mawazo ya watu mahali pengine: "Nyie hamsikii kitu kinaungua?" La tatu, akiwa na karata kweli ananyamaza na kuzungusha kipande cha rasta kwenye kidole. Chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: akinyamaza, kimbia.

La nne lilinichukua muda kuliona. Mie nilikuwa nalala vibaya. Nalipa vizibo viwili vitatu kwanza, halafu naogopa, natupa. Ndivyo nilivyokuwa naisha, kidogo kidogo kama sabuni. Afadhali kulala mapema bila kulipa, na siku ukipata karata nzuri usijibu kelele kwa kelele. Ufuate tu. Mtu anayependa kupandisha, mwache apandishe, atakujazia mwenyewe.

Basi Jumamosi hiyo nikafika mapema nikabadilisha nafasi. Mchezo wetu unazungukia kulia, nikakaa kulia kwake, ili yeye aseme kwanza ndipo mie niamue.

"Umehamia upande wa wakubwa?" akaniuliza.

"Huku kuna kivuli."

Mama wa vitumbua, mwenzetu wa nne, akacheka. "Muache, naye anakua."

Saa nzima nililala. Dada msusi akasema kila alichojaliwa kusema, na mie nikalala, bila kulipa. Kisha nikapata wafalme wawili. Akapandisha, nikafuata. Akapandisha tena, akauliza kama nyumba ya jirani wamepata msiba maana anasikia vilio. Nikafuata. Mwisho akafunua karata zake, hana kitu. Nikavuta vizibo vingi kuliko nilivyowahi kuvishika.

"Eh! Kumbe paka ana makucha," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Saa kumi na moja ikapita, nipo mkekani. Nilijisikia kama watu wengine wanavyojisikia siku zote, nadhani. Binti wa mwenye nyumba alinimiminia chai bila kuniuliza kama nataka, kama unavyommiminia mtu wa siku zote.

Halafu nikapewa saba mbili.

Katikati ikafunuliwa tatu, saba, na ree, ile karata kubwa kuliko zote. Nikawa na saba tatu. Dada msusi akapandisha, wale wengine wakalala. Nikafuata. Ikafunuliwa malkia. Akapandisha, nikafuata. Ya mwisho ikawa ree nyingine.

Akanyamaza.

Nikatazama mkono wake. Kile kipande cha rasta kilikuwa kinazunguka kidole, taratibu. Akasukuma vizibo vyake vyote katikati.

Maneno mekundu ya daftari langu yalikuwa yananipigia kelele kichwani. Lakini nilikuwa na saba tatu na zile ree mbili za katikati, na kwa sheria za poka karata za namna hiyo ni nadra kupigwa. Ningelala, ningebaki na vizibo vya kunitosha mpaka magharibi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo, kubaki. Ila mdomo ukasema wenyewe.

"Nafuata."

Akafunua ree yake. Ree tatu. Hakuwa anadanganya. Nikaziweka saba zangu: tatu pamoja na jozi ya ree, na hizo zinapiga ree tatu zisizo na jozi.

"Mamaa!" binti wa mwenye nyumba akapiga makofi. "Mtoto kamfilisi!"

Dada msusi aliangalia zile karata kama anayesoma barua. Tangu poka ije uwani kwetu hajawahi kuishiwa. "Haya," akasema, "sheria ni sheria." Akainuka, akakusanya vikombe, hata changu ambacho kilikuwa na chai nusu, akaenda bombani. Alipomaliza akavifunika juu ya beseni, akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango.

Tukagawa tena, watu watatu. Mama wa vitumbua akalala. Binti wa mwenye nyumba akalala. Nikavuta vizibo vitatu. Hakuna aliyemtania mtu. Mkono wa pili ulipokwisha, mama wa vitumbua akasema ana mchele wa kuloweka. Binti wa mwenye nyumba akatazama simu, akajinyoosha, akaenda kuoga.

Nikabaki peke yangu mkekani na vizibo vyote. Hakuna aliyewahi kufikiria itakuwaje mwenye mkeka akiinuka. Mie nilidhani watu wanakuja kucheza karata. Walikuwa wanakuja kutukanwa na dada msusi.

Nilikaa hapo mpaka adhana ya magharibi. Chumba cha mbele kilikuwa kimya, na ndipo nikagundua kwamba sijawahi kusikia mtu mwingine akiongea mle ndani, wala kuona viatu vya mgeni mlangoni, isipokuwa vya wateja. Nikarudisha vizibo koponi, nikakunja mkeka. Nilitaka kuupeleka, nikafika mpaka mlangoni, mkono ukashindwa kubisha. Nikalala nao chumbani kwetu, umesimama pembeni ya kabati. Mama aliporudi akauliza, "Mkeka wa nani huo?" Nikasema tumeazimwa.

Asubuhi ya Jumapili niliamka saa kumi na mbili na nusu. Nikafikiria kuuegemeza mlangoni kwake na kukimbia, kama ninavyofanyaga na vitu vingi. Badala yake nikafagia uwa. Nikautandika mkeka palepale pa siku zote, nikaweka kopo la vizibo upande wake, nikachemsha chai, nikachukua vikombe viwili juu ya beseni. Halafu nikaenda mlango wa chumba cha mbele nikasema hodi, mara ya kwanza kwa sauti ambayo hata mie sikuisikia vizuri, mara ya pili ikasikika.

"Nani?"

"Mie, dada. Shikamoo. Mkeka wako nimeshautandika."