Pole Haidaiwi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na wanafunzi wake walimwogopa kuliko walivyowaogopa wazazi wao. Ukikosea kola hakukupigia kelele wala hakukuonyesha pa kurekebisha. Alikurudishia nguo mapajani pamoja na wembe, akasema neno moja: fumua. Mwenzako akijaribu kukusaidia, wote wawili mlifagia chumba. Aliyeshona ndiye anayefumua, na sheria hiyo haikuwa na rufaa.

Nyumba yake ilikuwa safu ya mbele, na chumba cha cherehani kilitazama bahari kwa sababu ya mwanga. Jirani yake wa kushoto, mstaafu wa benki, alijenga ukuta wa zege mbele ya bustani yake ili maji yasimharibie maua. Tukamwita Bwana Ukuta. Yeye ulimlinda kweli. Lakini mawimbi yakiugonga yaligeuka kando, yakaja kukwangua mchanga kwa Shangazi, mwaka nenda mwaka rudi, hadi ufukwe wake ukabaki mawe na mizizi. Alimlalamikia mara nyingi. Akajibiwa kwamba kila mtu ana haki ya kujikinga. Mwishowe chumba cha cherehani kikaporomoka mchana kweupe, pamoja na cherehani yenyewe, meza ya kukatia na vitambaa vya watu.

Mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Kwetu pole ni kitu cha bure. Ukijikwaa barabarani unapewa na mtu asiyekujua, wala haina maana kwamba ndiye aliyekukwaza. Walikuja hata wale aliogombana nao kwa sababu ya suruali zilizobana. Bwana Ukuta alisimama bustanini na kikombe chake, akaangalia kifusi, akagongana macho na Shangazi, akaingia ndani. Baadaye tulisikia kwamba mpwa wake mwanasheria alikuwa amemwonya asitamke lolote linalofanana na kuomba radhi. Mzee mzima, na tai zake zote, akachanganya pole na samahani.

Hilo ndilo Shangazi alishindwa kulimeza. Cherehani alinunua nyingine, akahamia kushonea sebuleni, maisha yakaendelea, lakini jina la mtu yule likitajwa sindano ilisimama. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiende kumwambia ampe pole yake, yaishe. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeshona mkono wa kulia upande wa kushoto.

"Pole haidaiwi, mwanangu," akasema. "Ukiidai, unachopewa si pole."

Basi akangoja, na zamu yake ikafika. Wakazi waliunda kamati ya kuurudisha ufukwe. Mhandisi akatueleza kwamba mchanga utaletwa kwa malori, utamwagwa na kusawazishwa, kisha yatapandwa majani ya kuushika. Lakini kwanza ukuta uvunjwe, la sivyo bahari itafagia mchanga mpya kama ilivyofagia ule wa zamani. Bwana Ukuta alikubali haraka, maana ukuta wenyewe ulikuwa umeshapasuka na maji yanapenya chini yake. Likabaki suala la njia. Nyumba za mbele zimebanana, na pa kushushia mchanga palibaki mahali pamoja tu: pale kilipokuwa chumba cha cherehani. Shangazi alikuwa amepawekea lango la mabati na kufuli.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi kimya namna ile. Aliiambia kamati kwamba lango atalifungua siku ukuta utakapokwisha, na Bwana Ukuta auvunje mwenyewe, kwa mikono yake. Tingatinga hapana. Vibarua hapana. Akitokea wa kumsaidia, ufunguo unakwenda baharini. Mwenyekiti alibembeleza, mhandisi akabembeleza, wapi. Shangazi alikuwa ameshika mpini, na sisi wote tumeshika makali.

Mzee akavunja. Kila asubuhi alitoka na nyundo kubwa, amevaa viatu vya ngozi vya ofisini kwa sababu hakuwa na vingine, na Shangazi akatoka na kigoda chake na nguo za kutia vifungo, akakaa kumtazama. Nyundo ilimteleza, ikampiga mguuni, akaketi juu ya zege akiushika. Hakuna aliyempa pole. Viganja vikatoka malengelenge, akavifunga vitambaa. Akipumzika kidogo, Shangazi anakohoa. Nilikuwa namletea Shangazi chai hata asipoagiza, ili nipate kutazama na mimi. Nasema kweli, niliona raha.

Raha hiyo ilipungua nilipoanza kuangalia upande wetu. Tulikaa nyumba inayofuata, kulia kwake, mimi na mama na baba, ambaye ni mdogo wake Shangazi wa tumbo moja. Jiko letu lilielekea baharini. Mchanga wa chini yake ulikuwa umekwisha kuliwa, na maji makubwa ya mwezi mpevu yalikuwa njiani. Baba alimwendea dada yake kwa heshima, akamwomba afungue lango, malori yaanze na sisi, mzee aendelee na nyundo yake polepole. Shangazi akamwambia avumilie, kimebaki kipande tu. Baba akaenda akachukua nyundo ya pili, akasimama kando ya Bwana Ukuta. Shangazi akatoa ufunguo na kuunyoosha kuelekea majini. Baba akaiweka nyundo chini, akarudi nyumbani. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi tulikuwa sisi.

Maji makubwa yalikuja asubuhi. Mama alikuwa anainjika maji ya chai sakafu ilipopasuka. Alitoka mbio na kifuniko cha sufuria mkononi. Jiko likaenda, likavuta na ukuta wa chumba nilimolala. Tulisimama uani tukitazama makabati yetu yakielea.

Wa kwanza kufika alikuwa Bwana Ukuta, vumbi la zege usoni, nyundo bado anayo. Aliiangusha, akamshika baba kwa viganja vyake vilivyofungwa vitambaa.

"Pole, bwana. Pole sana, mama."

Lilimtoka lenyewe. Hakumuuliza mwanasheria. Shangazi alikuwa hatua chache nyuma yake, akalisikia vizuri, neno alilolingoja miaka yote likipewa watu wengine.

Kisha watu wakamgeukia yeye, dada mtu. Baba alimtazama na kungoja. Mdomo wa Shangazi ulifunguka. Najua neno lilimfika ulimini, na najua kwa nini halikutoka. Pole ya wengine ilikuwa pole tu. Ya kwake, siku ile, ingekuwa kukiri. Akatoa ufunguo mfukoni, akampa mwenyekiti.

"Malori yapite," akasema, akaenda zake.

Ufukwe umerudi, mpana kuliko ulivyokuwa nikiwa mdogo, na watu wanaupiga picha. Kipande cha ukuta kilichobaki kiliondolewa na tingatinga siku ileile, kabla ya saa ya chakula. Baba alijenga jiko jipya upande wa barabarani. Shangazi akatushonea mapazia ya jiko hilo, mazuri mno, akampa mwanafunzi wake atuletee. Mama akayakunja na kuyaweka chini ya kitanda, na huko yalipo. Baba anasema ameshasamehe. Mimi sijasamehe, na sijifanyi.

Siku hizi Shangazi macho yamemchoka. Bado anashona, na mimi ndiye ninayekaa naye alasiri. Uzi ukimshinda, ananinyooshea sindano nimtungie. Mimi namwacha anyooshe. Natazama baharini mkono wake ukianza kutetemeka, hadi niridhike, ndipo naipokea.