Buluu ya Barua za Ndege

Kwa miaka miwili Mukhwana hakupokea kazi ya rangi ya buluu, na hakumwambia mtu ni kwa nini. Mteja akifika uani kwake Kitale akitaka buluu, Mukhwana alikuwa na kazi nyingi, au alikuwa anasafiri kesho, au mtambo wa kupulizia ulikuwa na hitilafu. Nyeupe alipaka. Nyeusi na maruni alipaka hadi gari likang'aa ukajiona meno. Na kwa kuwa hakuna anayejisumbua kukumbuka kazi ambazo fundi amezikataa, sifa zake zilibaki palepale: ukitaka rangi iliyolingana sawasawa, nenda kwa yule mzee wa Sirisia, anayechanganya kwa jicho.

Kwa jicho, ndiyo. Hapo ndipo penye taabu. Muuguzi mmoja aliyekuja na kambi ya matibabu kanisani alimmulika kwa tochi akamwambia ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto, aende hospitalini akatolewe. Mukhwana aliitikia kwa heshima, akakunja ile karatasi, akaitia ndani ya kopo la misumari. Fundi wa rangi akionekana kwenye foleni ya wagonjwa wa macho, si ni heri afunge uwanja siku hiyohiyo? Dunia ilikuwa imemgeukia manjano polepole, hata asijue ilianza lini. Shati jeupe la Jumapili alikuwa akiliona kama limeloweshwa chai. Aliyejua ni mkewe Edinah pekee. Kila mchana alimletea chakula, na wakati Mukhwana anakula, Edinah huzunguka gari akimwambia kwa sauti ya chini palipo sawa na pasipo sawa.

Juma ambalo Mohini alikuja, Edinah alikuwa Sirisia kwenye mazishi ya shangazi yake, na hakutarajiwa kurudi kabla ya Jumamosi.

Mohini alikuwa mjane wa Jagdish, wale wenye duka la vitambaa Bungoma. Alishuka polepole kutoka kwenye Peugeot 404 kuukuu iliyoendeshwa na mjukuu wake, Sunny. Gari halikuwa na rangi kabisa. Fundi wa bodi wa Bungoma alikuwa ameikwangua yote, tabaka juu ya tabaka, mpaka bati likabaki tupu, akalipaka rangi ya msingi ya kijivu tu.

"Fundi," Mohini alisema, "wewe ulikuwa kwa ile uwanja, mwaka wa sabini na nne. Bwana yangu alileta barua."

Mukhwana alikuwepo, kwa fundi mkuu aliyemfunza kazi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kazi yake kukoroga rangi na kuosha mitambo, na ile barua aliikumbuka vizuri. Jagdish alikuwa amemposa msichana Bara Hindi kwa barua za ndege, zile karatasi nyepesi za buluu ambazo ukizikunja zinakuwa bahasha. Alipopata habari kwamba msichana anakuja, alinunua Peugeot, akaleta barua moja kwa fundi mkuu na kusema anataka gari la rangi hii, ili bibi harusi akishuka ajue mara moja ni gari gani limemjia. Fundi mkuu alichanganya, Mukhwana akakoroga. Baadaye watoto wa Jagdish waliipaka nyeupe, kisha krimu, kisha maruni. Mwaka jana mzee akafariki. Jumapili ilikuwa sala ya kutimiza mwaka, jamaa wangetoka Kisumu na Nairobi, na Mohini alitaka Peugeot isimame mlangoni kama ilivyokuwa siku aliyoiona kwa mara ya kwanza.

"Barua yenyewe unayo, mama?" Mukhwana aliuliza, akitumaini kwamba anayo.

Alikuwa nayo mkobani. Ilikuwa imechakaa na kupauka, kahawia kwenye mikunjo. Kwa rangi haikuwa na msaada wowote.

"Mimi nilitaka tupeleke kwa mashine ya kusoma rangi," Sunny alisema. "Lakini mashine itasoma nini sasa? Ba anasema ni wewe tu umebaki." Ba ndilo jina wanalomwitia bibi kwao.

Mukhwana angeweza kusema mtambo umeharibika. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama mbele yake ameshika barua ya miaka hamsini, akimtazama kama mtu aliyefika. Mukhwana akasema sawa.

Siku ya pili Sunny alimwacha bibi yake uani, akaenda Endebess kupeleka vitambaa vya sare za shule. Wakabaki wawili, wazee na makopo. Mukhwana alimwekea Mohini kiti karibu na meza ya kuchanganyia, akamimina nyeupe, akatia buluu tone kwa tone, na nyeusi kidogo kwenye ncha ya kijiti. Mkono ulikuwa unakumbuka. Ulifika mahali ukakoma wenyewe, kama ulivyokuwa umeona fundi mkuu akikoma, na moyoni akasikia, basi, hapo.

Kisha akaangalia ndani ya kopo, akaona maji ya kunawia mikono. Ilikuwa rangi chafu, yenye umanjano. Akapaka kidogo kwenye kipande cha bati, akakianika juani, akangoja kikauke. Akampa Mohini.

Mohini aliliinua bati, akaligeuza huku na huku. "Bado, fundi. Ile ilikuwa safi. Hii iko na uchafu."

Mukhwana alishusha pumzi. Kumbe anachokiona yeye ndicho anachokiona mwenye rangi yake. Pengine hali haikuwa mbaya kama alivyodhani, pengine yule muuguzi alikuwa na haraka. Akaongeza buluu. "Bado." Akaongeza tena. Mkono ulikuwa unamkataza, lakini kuna mtu gani anayesikiliza mkono wakati macho mawili, na mengine mawili pembeni, yanasema bado? Mara ya nne Mohini alilishika bati kwa mikono yote miwili.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo."

Mukhwana alipaka Jumatano na Alhamisi. Alipaka kwa furaha, tena kwa majivuno kidogo, na usiseme wewe usingejivuna.

Ijumaa mchana Sunny na bibi yake walirudi. Mohini alizunguka gari mara moja, akaligusa boneti, kisha akaenda kuketi kwenye benchi chini ya paa alikopewa chai. Sunny hakuzunguka. Alisimama pale langoni, funguo mkononi, hadi Mukhwana akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni ile mliagiza."

"Zii, mzee. Hii ni buluu ya sare ya shule. Mimi nauza hii kitambaa kila Januari. Si mlisema barua?"

Sunny aliingia ndani ya gari, nyuma, mahali ambapo kiti kilikuwa kimetolewa, akashika ukingo wa kapeti kuukuu lililogandishwa kwa gundi tangu enzi hizo, akalivuta. Likachanika. Chini yake palikuwa na bati ambalo yule wa Bungoma hakulifikia, sehemu ya ukubwa wa viganja viwili, na rangi yake ya kwanza. Mahali hapo ndipo fundi yeyote makini angechungulia kabla ya kufungua kopo. Mukhwana hakuchungulia kwa sababu aliiamini kumbukumbu yake. Sasa aliinama akatazama, akaona kitu cheupe-cheupe, akajua kwa uso wa Sunny kwamba si cheupe.

"Hii ndiyo rangi ya babu," Sunny alisema. "Angalia hii, halafu angalia hiyo yako. Hata haziko ukoo mmoja, bana. Kesho kutwa watu wanakuja." Akatoa simu akapiga picha, chini kisha juu. "Nilikuwa nishaambia wenye maduka wote pale Bungoma walete gari zao kwako. Sasa nitawaambia nini?"

Kisha akamsogelea na kupunguza sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele.

"Ama ni Ba alichagua? Niambie tu ukweli. Mwezi huu amepatia wateja uzi mweusi mara tatu, wakitaka buluu. Wanarudisha. Familia imeongea, inataka aache kaunta akae nyumbani, na yeye anakataa, ati anaona vizuri. Kama ni yeye, sema ni yeye. Wewe sitakulaumu."

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguliwa mbele ya Mukhwana, mpana wa kutosha. Na wala usingekuwa uongo. Si mama mwenyewe alisema bado mara tatu, akasema hiyo ndiyo? Angetamka neno moja, sifa zake zingebaki, picha zingefutwa, na kila mtu angesema mzee wa watu alifuata maneno ya mteja.

Akatazama benchi. Mohini alikuwa ameacha kunywa. Ameshika kikombe kwa mikono miwili, ametazama chini, na hakuna haja ya kuuliza kama alikuwa amesikia. Miaka hamsini amesimama kwenye kaunta ile akioanisha nyuzi na vitambaa. Akina mama kutoka vijijini walikuwa wakimletea kipande kidogo cha gauni, naye huingiza mkono kwenye rafu na kutoa uzi wake bila kutafuta. Neno moja la Mukhwana lingemwondoa pale kabla ya Jumatatu. Na Mukhwana alijua, kuliko mtu yeyote Kitale na Bungoma, mtu huyo angejisikiaje. Aliogopa. Akashika mlango wa gari.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Macho yangu imeharibika. Miaka miwili sasa, buluu siioni vizuri. Nilikuwa nadanganya watu."

Alikuwa hajawahi kuyasema kwa sauti. Sunny alimkodolea macho, simu ingali mkononi.

"Na ulichukua kazi ya Ba ukijua?"

"Nilichukua nikijua."

"Wacha, wacha kwanza," Sunny alisema akipandisha sauti, "yaani gari ya babu, na sala ni Jumapili, halafu wewe..."

"Sunny." Mohini alikuwa ameinuka. Alikuja akishikilia ubavu wa gari, akainama penye kapeti lililochanika. "Nionyeshe."

"Hapa, Ba. Hii hapa."

Mohini alitazama muda mrefu. Alisogeza uso karibu, akarudi nyuma, akafuta miwani kwa ncha ya sari, akatazama tena. Sunny alikuwa ameanza kuelewa na alionekana kutaka kulirudisha kapeti mahali pake.

"Hapa mimi naona nyeupe," Mohini alisema. "Nyeupe chafu. Fundi asibebe peke yake."

Hasira ya Sunny ilikuwa imekosa pa kusimama. Hatimaye alimshika bibi yake mkono.

"Basi tuiache hivi, Ba. Kama wewe unaona ndiyo hii, ndiyo hii. Gari ni yako."

"Hapana. Babu yako alipeleka barua kwa fundi, hakupeleka macho yangu. Pakeni ile yake."

"Lakini wewe hutaiona."

"Nitajua iko," alisema Mohini. "Na Jumatatu tutaongea mambo ya kaunta. Mimi mwenyewe nitaongea, si wewe."

Walipiga msasa gari zima jioni ile, Sunny naye ameikunja mikono ya shati, vumbi la buluu likawajaa nyusi. Jumamosi asubuhi Mukhwana alimimina nyeupe, akatia matone na nyeusi kwenye ncha ya kijiti, na mkono ukafika palepale ulipokoma siku ile. Ndani ya kopo akaona maji ya kunawia. Alipaka kipande cha bati, akakipeleka nyuma ya gari, na badala ya kukiinua usoni kwake akampa Sunny, kisha akarudi kwenye kopo akaendelea kukoroga, akingoja kuambiwa. Moyo ulimuuma kungoja vile. Uani pale kwa miaka arobaini, mtu wa kusema imetosha mbele ya wateja alikuwa ni yeye.

Sunny aliweka bati juu ya ile rangi ya babu yake, akalitoa, akaliweka tena.

"Imetosha, mzee," alisema.

Mukhwana aliitazama ile rangi, akaiona chafu vilevile, akaacha kukoroga.