Nywele za Bibi wa Kwenye Picha

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani: bibi wa Kiingereza wa zamani, kofia ya lesi, mashavu mekundu. Kwenye orodha ya mnada waliandika tu, bibi asiyejulikana. Kazi yangu ilikuwa kuvaa glavu na kuishika mbele ya wateja waione. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio katika nyumba hiyo ya mnada hapa Doha. Nikifaulu napewa mkataba. Nikishindwa narudi kazi za ndani, na hizo nilizifanya miaka sita mtaa wa Abu Hamour, zilinitosha.

Siku ya kwanza niliigeuza, nikaona nyuma kuna kioo, na ndani ya kioo nywele za mtu, rangi ya asali, zimesukwa. Nikairudisha mezani taratibu. Mimi mtu wa Tanga. Nywele za mtu zikifungiwa mahali, siulizi mara mbili. Mwenzangu Mkenya, aliyekuwa akibeba fremu kubwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyinyi Watanzania mnaona uchawi hadi kwa picha ya mzungu."

Msimamizi wetu, mama wa Kilebanoni asiye na maneno mengi, akanieleza kwamba zamani kule Uingereza mtu akifa, ndugu zake walikata nywele kidogo wakaziweka wamkumbuke. Kumbe si hirizi, ni msiba. Nikavaa glavu, nikaishika siku tatu nzima. Nikamzoea hata. Asubuhi nilikuwa namwamkia kimoyomoyo, shikamoo bibi, halafu naendelea na kazi.

Ikanunuliwa na mzee mmoja, zawadi ya mkewe. Alipokuja kuichukua akataka nywele zitolewe, maana mkewe hatalala chumba kimoja na nywele za maiti. Msimamizi akafungua mgongo wa picha kwa kisu chembamba, akanipa kile kisuko ndani ya tishu.

"Katupe. Khalas, yamekwisha."

Nilifika kwenye pipa nikasimama. Lilikuwa na vikombe vya kahawa na maganda ya machungwa. Kwetu nywele za mtu hazitupwi ovyo, zinafukiwa. Nikatoka nyuma ya ghala, penye vitalu vya maua, nikachimba kwa kijiko cha chai, nikamzika. Sikujua dini yake wala jina la babake, nikasema tu apumzike. Nilijiona mpuuzi kidogo. Nikanawa mikono, nikarudi kazini.

Wiki iliyofuata mzee akarudi amefura. Mjuzi mmoja alimwambia picha ile bila nywele zake imeshuka thamani, kwa hiyo sasa anazitaka. Mapipa yalikuwa yameshazolewa zamani. Msimamizi akanivuta pembeni, akasema kama nina namna yoyote ya kuzipata, mkataba wangu anauandika leo hii. Aliniita binti yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Zilikuwa hatua ishirini kutoka pale tuliposimama. Niliutaka ule mkataba, nisijidai. Lakini kumfukua mtu kaburini ili bei ipande, hapana, hilo siliwezi.

"Nilizitupa, madam," nikasema, "kama ulivyoniagiza."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu ndiyo. Mkataba akapewa mwingine.